Tembo aliyekunjamana: jibu kwa mama aliyeanza kudarizi aplike

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina mashine ya kudarizi ya nyumbani yenye fremu ya sentimita 10 kwa 10. Nilipata mchoro wa tembo wa aplike (umbo la kitambaa linaloshonwa juu ya nguo) wa sentimita 16, nikaupunguza kwa programu ya kompyuta hadi 9.5 ili uingie kwenye fremu, nikaushona kwenye fulana mpya ya mwanangu wa miaka mitatu. Tembo ni wa kitambaa cha pamba, na chini niliweka stabilaiza ya kuchanika, ile tabaka ya kuitegemeza nguo wakati wa kudarizi. Fulana imejikunja pande zote za tembo, nyuzi za kitambaa zinachungulia kwenye ukingo, na baada ya kufua mara mbili sikio limeachia na tumbo limekunjamana. Mtoto naye anasema inamkwaruza. Nimekutumia picha za nje na ndani. Je, ninunue mashine kubwa zaidi?"

Dada yangu, pesa zako zibaki mfukoni. Mashine yako haina kosa, na ushahidi umeutuma mwenyewe kwenye ile picha ya upande wa ndani. Uzi mweupe wa bobini, yaani uzi wa chini, umekaa katikati ya mshono kama ukanda mwembamba, theluthi moja hivi ya upana, na uzi wa juu umeingia kidogo pande zote mbili. Mashine yenye mkazo mbaya wa uzi haitoi mshono wa namna hiyo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mashine kubwa ingekupa tembo mkubwa zaidi, aliyekunjamana vilevile.

Karibu kila kitu unachokilalamikia kilikwisha kuamuliwa kabla sindano haijashuka mara ya kwanza: jinsi fulana ilivyofungwa kwenye fremu, kilichowekwa chini yake, na kule kuupunguza mchoro. Mkasi nao una lawama yake, nitaufikia.

Nianze na fulana. Shati la kawaida limefumwa kwa nyuzi za kusimama na za kulala, lakini kitambaa cha fulana kimeunganishwa kwa vitanzi, na kitanzi kazi yake ni kuvutika. Nadhani ulipoifunga kwenye fremu uliivuta hadi ikakaza kama ngoma, maana karibu kila maelekezo ya kudarizi yanasema hivyo. Kwa shati ni sawa. Kwa fulana maana yake ni kwamba umeshona juu ya kitambaa kilichotanuliwa. Ukifungua fremu, fulana inataka kurudi udogoni mwake, lakini tembo na mshono wake hawarudi, kwa hiyo ziada yote inajikusanya kuzunguka ukingo. Hayo ndiyo makunyanzi yako, na hakuna pasi itakayoyanyoosha.

Kitu kinachotakiwa kukaza kama ngoma ni stabilaiza, si fulana. Siku hizi fulana siifungi kwenye fremu kabisa. Naifunga stabilaiza peke yake, ikaze hasa, naipulizia gundi ya muda (mbali na mashine, gundi ile ikiingia kwenye chuma utaijutia), kisha nalaza fulana juu yake kwa viganja bila kuivuta upande wowote. Angalia mistari midogo ya vitanzi ya wima: kama imenyooka, fulana imetulia, kama imepinda kama upinde, inua ulaze upya. Baada ya hapo mashine nyingi zina mshono mrefu wa mstatili wa kushikiza kitambaa kwenye stabilaiza kabla ya kazi yenyewe. Utumie. Unachukua dakika moja, na unafumuliwa kwa kuvuta uzi.

Stabilaiza yenyewe ulikosea aina. Ile ya kuchanika ni ya vitambaa visivyovutika. Inaishikilia nguo wakati wa kushona, halafu unaichana na kuitupa. Kwenye fulana, siku unapoichana ndiyo siku unayowaachia vitanzi mzigo wa mapigo (mishono mmoja mmoja ya sindano) maelfu bila wa kuwasaidia, na kila ukifua mambo yanazidi. Fulana, sweta na kila nguo inayovutika zinataka stabilaiza ya kukatwa, ile inayofanana na kitambaa kisichofumwa, ambayo unaikata kuzunguka mchoro na kuacha kama sentimita moja, nayo inabaki ndani ya nguo maisha yake yote. Pembe zake zikate za mviringo. Pembe kali humchoma mvaaji, na pia hujichora upande wa nje baada ya kufua.

Sasa upunguzaji, ambao nadhani ndio uliokuumiza kuliko vyote. Mshono wa satini ni zigizaga iliyobanana mpaka inafanana na utepe. Mchoro wako ulikuwa na satini ya upana wa milimita 4, kipimo kizuri kwa aplike, na nyuzi zake kwa kawaida huachana kama milimita 0.4. Programu nyingi nyepesi hupunguza mchoro kama zinavyopunguza picha: idadi ya mapigo inabaki ile ile, nafasi ndiyo inayosinyaa. Kutoka sentimita 16 hadi 9.5, ile milimita 4 imekuwa 2.4, na ile 0.4 imekuwa karibu 0.24. Yaani umepata utepe mwembamba usioweza kufunika ukingo wa kitambaa, na papo hapo umebanana kiasi cha kuitoboa fulana kama ukingo wa stempu ya posta. Mapigo mengi mahali padogo husukuma kitambaa pembeni, na makunyanzi yakaongezeka juu ya yale ya kuvuta.

Mimi mchoro ulio tayari siupunguzi zaidi ya asilimia 10, basi. Ukitaka mdogo kuliko hapo, tafuta mchoro huo huo uliotengenezwa kwa ajili ya fremu yako, au uuchore upya kwa programu inayohesabu mapigo upya. Ipo Ink/Stitch, ni ya bure, inafanya kazi ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea. Inahitaji subira kujifunza, lakini kwa aplike za maumbo rahisi hutachukua muda mrefu. Ukichora mwenyewe, mpe tembo wako mistari ya mviringo. Pembe kali kama za nyota hukusanya uzi mahali pamoja mpaka sindano inagonga kama imekutana na ubao.

Hapa niseme kidogo kwa nini tunahangaika na aplike badala ya kujaza uzi tupu. Chukua duara la kipenyo cha sentimita 10. Ukilijaza uzi, mistari ikiachana milimita 0.4 na kila pigo likiwa na urefu wa milimita 4, unapata karibu mapigo 4,900, bila kuhesabu mishono ya msingi inayotangulia. Ukilifanya la kitambaa na kulizungushia satini tu, ni mapigo 1,600 hivi. Hapo faida ya muda ni ndogo, maana utautumia kwenye kukata. Faida kubwa ni ulaini: fulana inabaki fulana, haigeuki ngao kifuani mwa mtoto. Kwa hiyo aplike iliyobanana kupita kiasi imepoteza sababu yake ya kuwepo.

Nyuzi zinazochungulia. Sehemu ya lawama ni ya satini nyembamba, lakini picha yako ya karibu inaonyesha kitambaa kimeachwa milimita 3 nje ya mstari huku mgongoni mwa tembo, na pale sikioni kimekatwa mpaka mstari wenyewe ukakatika. Yote mawili ni ya mkasi. Kila kipande cha aplike kina hatua tatu: kwanza mashine inachora mstari wa kuonyesha mahali, unaweka kitambaa juu yake kikiwa kimezidi pande zote, pili inashona mstari wa kushikiza, unakata, tatu inakuja satini kufunika. Unapokata, lengo ni milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye mstari wa kushikiza. Ukiacha zaidi, satini haitafika. Ukikata kwa ndani zaidi, kitambaa hakina pa kushikwa, na sikio linaachia kama lako lilivyoachia.

Mkasi wa kawaida wa kukatia nguo hauwezi kazi hii. Tafuta mdogo wenye ncha iliyopinda, au ule ambao wembe wake mmoja ni mpana kama mdomo wa bata. Ule mpana unateleza kati ya kitambaa cha juu na fulana, unailinda fulana isitobolewe. Toa fremu kwenye mashine, iweke mezani, usiitoe nguo kwenye fremu hata kidogo. Ikihama milimita moja hutaweza kuirudisha. Usibonyeze katikati ya fremu kwa uzito wa mkono, maana chini kuna uwazi na nguo italegea. Kwa mkono wa kushoto inua kitambaa cha ziada kijivute kidogo kwenda juu, laza mkasi, na zungusha fremu badala ya kuzungusha kiwiko. Sehemu za ndani za mikunjo, kama kwapa la mguu wa tembo, kata polepole kwa ncha tu. Na nyuzi mbili tatu zilizobaki zimesimama zishughulikie sasa kwa kibano, kwa sababu satini haifichi uzi uliosimama. Inaulaza tu, nao utainuka ukifua.

Kama mkono bado haujazoea, ipo njia ya pili ambayo kwa kweli naipenda zaidi kwa maumbo magumu: chapisha mchoro wa ukingo kwenye karatasi, kata kitambaa mapema kwa umbo kamili, kisha kiweke ndani ya mstari wa mahali mashine ikishauchora. Hakuna kukata ndani ya fremu. Ila umbo lako lazima liwe sahihi, na kitambaa kiwe kimebandikwa karatasi ya gundi mgongoni.

Tena hiyo karatasi ya gundi ndiyo iliyokosekana tumboni. Ni utando mwembamba wa gundi wa kupiga pasi. Unaubandika nyuma ya kitambaa cha tembo kabla ya kukikata, kisha mwishoni kazi ikikamilika unapiga pasi na tembo anashikana na fulana eneo lote, si kwenye ukingo peke yake. Bila gundi, tumbo la tembo ni mfuko ulioshonwa pembeni tu, na mfuko ukilowa maji utajikunja upendavyo. Gundi pia inazuia ukingo kufumuka nyuzi, ambalo ni suluhisho lingine la sikio lako. Chagua ile nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya kushonewa. Ile nzito ya kubandika bila kushona inanata kwenye sindano, uzi unakatika kila baada ya muda mfupi, na utadhani tena mashine ni mbovu.

Ila gundi haizuii kitambaa kusinyaa. Fulana ilikuwa mpya, nadhani na kitambaa cha tembo pia. Pamba ikifuliwa mara ya kwanza husinyaa, na vitambaa viwili havisinyai kwa kiasi kimoja. Kifue kila kitu kabla ya kuanza, kwa namna ile ile nguo itakavyofuliwa baadaye, ukaushe, upige pasi. Wakati huo huo utajua kama rangi inachuja. Kitambaa chekundu juu ya fulana nyeupe bila kufuliwa kwanza ni kamari, na mimi nimeshaicheza nikaliwa.

Kuhusu kumkwaruza: hilo ni kwenye ngozi ya mtoto, na ana haki ya kulalamika. Ndani kuna mafundo, uzi wa bobini na kingo za stabilaiza, vyote vinasugua kifua. Kuna kitambaa laini sana chenye gundi mgongoni, chepesi na kinachovutika, kinachotengenezwa kwa ajili ya kufunika darizi kwa ndani. Kikate kikubwa kidogo kuliko mchoro, mviringo, ukibandike kwa pasi baada ya kumaliza. Kwa nguo za watoto wachanga sikubali kutoa kazi bila hicho.

Ukirudia kazi, mambo machache madogo ambayo sikuyaona kwenye picha lakini yanakuja. Sindano: tumia ya namba 75/11 yenye ncha ya mviringo, inayosogeza vitanzi badala ya kuvikata, ile namba 75 ni unene wa milimita 0.75. Ukitumia ncha kali kwenye fulana, baada ya miezi utaona vitundu vidogo kando ya satini na utajiuliza vimetoka wapi. Ibadilishe kila baada ya saa 8 hivi za kushona, hata kama inaonekana nzima. Uzi: wa poliesta unene wa 40 ndio wa kila siku. Wa reyoni unang'aa kwa uzuri zaidi, ila hauvumilii dawa ya kuondoa madoa yenye klorini, na nguo ya mtoto wa miaka mitatu utaikutanisha nayo siku moja. Kasi: kama mashine yako inakuruhusu, ishushe hadi mapigo 600 kwa dakika wakati wa satini.

Rangi kwenye skrini zisikuchanganye. Tembo wako ni wa kijivu, lakini faili linaonyesha samawati, nyekundu, kijani. Mashine haijui kuwa inashona aplike. Inasimama kati ya hatua kwa sababu tu faili linaiambia rangi imebadilika, na ndiyo nafasi yako ya kuweka kitambaa na ya kukata. Ukizifanya zote kijivu kwa ajili ya unadhifu, mashine nyingi zitaunganisha hatua zote na kushona mfululizo, huku kitambaa kikiwa bado mkononi mwako. Shona mstari wa mahali kwa uzi wowote ulio karibu na rangi ya kitambaa. Rangi utakayoijali ni ya satini.

Mahali pa kuweka: mvalishe mtoto fulana kwanza, weka alama ya msalaba katikati ya kifua. Kwa mtu mzima kilele cha mchoro hukaa kama vidole vinne chini ya shingo; kwa mtoto mdogo viwili vinatosha, vinginevyo tembo atatua tumboni. Kuwa mwangalifu na kalamu. Ile inayotoka kwa maji ikipigwa pasi kabla ya kuoshwa inaweza kuganda daima, na ile inayopotea kwa joto inaweza kurudi nguo ikipata baridi kali. Tumia ya maji, uiondoe kwa maji, halafu ndiyo pasi.

Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, kila mara, kila hatua, ingiza mkono chini ya fremu. Mgongo wa fulana hupenda kujipenyeza chini ya sindano. Mimi nimewahi kushona fulana ya mteja mbele na nyuma pamoja, satini nzima, nikaigundua nilipojaribu kuikunja. Kufumua satini kutoka kwenye fulana ni kazi ya usiku mzima, na fulana haitoki salama. Sasa nakunja mgongo na mikono kuzunguka fremu na kuibana kwa vibanio vya nywele.

Hutaki kurudia haya yote kwa majaribio kwenye nguo nzuri. Chukua fulana ya zamani ya kitambaa kama hicho, shona tembo kamili, kisha ifue mara mbili ndipo uihukumu. Aplike yoyote inapendeza ikitoka kwenye mashine. Yako ilipendeza pia siku ile, sina shaka.

Siku ukihamia nguo nyingine, mabadiliko ni machache. Jinzi ya kawaida haivutiki, stabilaiza ya kuchanika inatosha na sindano iwe nene, namba 90. Taulo na sweta zenye manyoya zinahitaji pia utando wa kuyeyuka kwa maji juu yake, ili satini isizame kati ya manyoya. Kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani kinataka stabilaiza ya kuyeyuka kwa maji chini. Na si lazima satini daima. Kwa nguo laini sana, ukingo ulioachwa wazi na kushonwa mstari mmoja unaopita mara tatu unakaa vizuri, unafumuka nyuzi kidogo tu na kupata sura ya kuchakaa ambayo wengine wanaipenda. Mimi kwa watoto naupenda kuliko satini, kwa sababu haukwaruzi.

Fulana uliyonayo usiifumue. Stabilaiza iliyobaki kwa ndani iache, bandika juu yake kile kitambaa laini cha ndani, kitashikilia kidogo na mtoto ataacha kulalamika. Sikio lililoachia likatie lingine jipya kubwa kidogo, la rangi tofauti ukipenda, lenye karatasi ya gundi mgongoni. Libandike juu ya la zamani kwa pasi, kisha lizungushie kwa mkono mishono midogo ya kupinda ukingoni, uzi wa rangi ile ile. Nyuzi zinazochungulia mgongoni zikate kwa mkasi mdogo bila kugusa satini. Makunyanzi ya pembeni yatabaki, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu, tembo mwenye sikio kubwa la njano atamshughulisha kuliko mikunjo. Fua ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi, na pasi ipite upande wa ndani, fulana ikiwa imelazwa juu ya taulo.